Kura ya Mia na Hamsini

Anayetaka kuonana na mtunza kompyuta wa jengo hili huingia kwenye lifti. Si kwamba lifti itampeleka popote. Ilikwama chini miaka mingi iliyopita, na fundi aliyeitwa kuitazama aliondoka na mota ili akaikague vizuri, na mpaka leo bado anaikagua. Kilichobaki ni chumba kidogo chenye kioo ukutani, safu ya vitufe, milango ya vyuma vya kukunja na kufuli imara. Kamati ya wapangaji ilipopata kompyuta ya mezani na kutafuta mahali pa kuiweka, ikaona kwamba jengo zima halina chumba kingine kinachofungika vizuri kama hicho.

Pamoja na chumba, kamati ilimrithi mtu aliyekuwemo. Alikuwa mwendesha lifti tangu ujana wake, mwanamume mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kutangaza. Watu wote humwita Lifti, na mkewe naye humwita hivyo akikasirika. Lifti ilipokufa hakuachishwa kazi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwachisha. Aliendelea kuja kila asubuhi, akasimama kando ya vitufe na kuwaambia watu kwa adabu kwamba leo itabidi wapande ngazi. Kompyuta ilipofika, mjumbe mmoja wa kamati alisema kwamba huyu bwana amezoea mashine yenye vitufe, na kompyuta ni mashine yenye vitufe. Hoja ikapita bila kupingwa.

Ujira wake ni chumba. Kiko chini, kando ya ngazi, chenye dirisha moja na jiko la pembeni, na humo anaishi yeye na mkewe, mshonaji wa mapazia. Masharti ni mepesi kueleza: chumba ni cha mtunza kompyuta. Asipokuwa mtunza kompyuta, hana chumba, na hawana pengine pa kwenda isipokuwa kwa kaka wa mke, ambaye kila wakikutana humuuliza Lifti, "Shemeji, umefika ghorofa ya ngapi?"

Kazi ya kompyuta hiyo ni maji. Juu ya paa kuna tangi moja, na tangi halitoshi ghorofa zote tano kwa pamoja. Kila ghorofa ina koki ya umeme kwenye bomba lake, na kompyuta huzifungua kwa zamu: ghorofa ya kwanza alfajiri, ya pili baada yake, ya tatu asubuhi, ya nne katikati ya mchana, ya tano jioni. Mhandisi aliyeunda mpango huo alikuwa mpangaji wa ghorofa ya tano. Alihama, akaacha maagizo mawili. La kwanza, mashine isizimwe ovyo. La pili, isiguswe na mtu mwenye haraka.

Kwa miaka kadhaa maji yalipanda na kushuka kwa zamu yake, na Lifti alikuwa na muda mwingi wa kusoma kitabu cha ubao mkuu, yaani ule ubao wa ndani ambao vipande vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Alikisoma kama wanaume wengi wanavyosoma gazeti, kuanzia nyuma. Kwa hiyo alijua anwani ya kiwanda kabla hajajua sehemu ya kuchomeka waya wa umeme. Lakini alikimaliza, akakirudia, na akaanza kuwaeleza wapangaji mambo ambayo hawakumuuliza. Mkewe anasema ndoa yao ilikuwa tulivu mpaka siku aliposoma sura ya saa na mapigo.

Mwaka jana jengo lilipata mwenyekiti mpya, mfanyabiashara wa magodoro wa ghorofa ya tatu. Alichaguliwa kwa neno moja, nalo ni kasi. Alipoulizwa kasi ya nini, alisema ya mambo yote. Wiki chache baadaye alikuja mbele ya lifti na kijiboksi kilichofungwa utepe, akifuatwa na mpiga picha wa harusi, na akalikabidhi jengo kadi mpya ya kumbukumbu kwa ajili ya kompyuta, aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe.

"Kumbukumbu ya zamani ilikuwa inatembea mia moja thelathini na tatu," alisema, akisoma kwenye boksi. "Hii inatembea mia moja sitini na sita. Hesabu wenyewe."

Wapangaji wakapiga makofi. Hakuna aliyejua ni mia moja sitini na sita za nini, lakini kila mtu aliona kwamba ni nyingi zaidi. Mwenyekiti alitaka picha akiichomeka mwenyewe. Aliichomeka kinyume, ikagoma. Lifti akaigeuza, na mpiga picha akaombwa aanze upya.

Kompyuta iliwaka. Kwenye maandishi meupe yanayopita upesi mashine inapoanza, kulikuwa na mstari mmoja uliosema kumbukumbu, 166. Mwenyekiti aliunyooshea kidole kana kwamba ni mtoto wake aliyefaulu mtihani. Tangu siku hiyo alipenda kupita asubuhi na kusema, "Lifti, hebu izime uiwashe, niione." Na Lifti, aliyekuwa na maagizo ya mhandisi kichwani, aliizima na kuiwasha.

Siku ya tatu kompyuta iliganda. Picha ilibaki kwenye kioo chake, kishale hakikusogea, na koki iliyokuwa wazi ikabaki wazi. Ilikuwa katikati ya mchana, zamu ya ghorofa ya nne. Ghorofa ya nne ilipata maji mpaka jioni, na ya tano haikupata tone. Kesho yake ikaganda tena, saa ileile ya joto, kwenye zamu ileile.

Lifti alijaribu alichokijua. Aliweka feni. Alifunika kioo cha lifti kwa gazeti, kwa hoja kwamba kinarudisha joto. Aligeuza kompyuta ikatazama mlango ipate hewa. Mkewe alimletea kitambaa chenye maji baridi, wakakitazama wote wawili, kisha wakaafikiana kwamba hapana. Kila siku, jua lilipofika juu ya jengo na chumba cha lifti kikawa kama tanuri, kompyuta ilifika ghorofa ya nne na kukaa hukohuko.

Mtu pekee ambaye hakulalamika alikuwa msusi wa ghorofa ya nne, mwanamke mwenye kicheko kikubwa aliyefanyia kazi yake sebuleni. Alinunua beseni la kuoshea nywele, kisha la pili. Wateja walianza kuja kutoka mitaa mingine.

"Haigandi, kaka," alimwambia Lifti. "Inapumzika. Na imechagua pa kupumzikia."

"Dada yangu, ni hitilafu."

"Hitilafu ni ya kwenu huko chini. Huku kwetu inaitwa baraka."

Ni sura ya saa na mapigo iliyompa Lifti jibu. Prosesa ya kompyuta hiyo, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote, huwasiliana na kumbukumbu kupitia njia yenye mapigo yake, na mapigo ya njia hiyo yalikuwa milioni mia moja thelathini na tatu kwa sekunde. Kumbukumbu ya zamani ilikwenda kwa mapigo hayohayo. Zawadi ya mwenyekiti iliweza kwenda mia moja sitini na sita, na ubao mkuu, ulioachwa ujiamulie, ukaipa kasi yake yote. Sasa pande mbili zilipigana vikumbo. Ubao mzuri ungezisuluhisha. Huu ulikuwa mzee, na ulizisuluhisha mpaka saa sita mchana.

Dawa ilikuwa kwenye ukurasa wa bluu wa mipangilio, unaofunguka mtu akibonyeza kitufe mashine inapoanza. Kumbukumbu ishushwe mpaka mia moja thelathini na tatu, pande zote ziende mwendo mmoja, basi. Lifti aliishusha. Siku hiyo maji yalifika ghorofa ya tano jioni, na mzee wa huko, fundi saa mstaafu ambaye hajasahau jambo lolote maishani mwake, alishuka ngazi zote kuja kumshika mkono.

Asubuhi iliyofuata mwenyekiti alipita. "Lifti, iwashe niione."

Mstari ukapita. Kumbukumbu, 133.

"Imepungua," alisema mwenyekiti.

"Imelingana, mwenyekiti."

"Nimekuuliza imelingana? Nimesema imepungua. Mimi nimeleta mia moja sitini na sita. Ile thelathini na tatu ya juu umeipeleka wapi?"

Lifti alijaribu kueleza kwamba haikupelekwa popote. Mwenyekiti alitazama nyuma ya kompyuta. Kisha akatazama chini ya meza. Jioni kulibandikwa tangazo la kikao cha dharura.

Kikao kilifanyika ukumbini chini, mbele ya lifti, wajumbe wakiwa wamekaa kwenye ngazi kufuata ghorofa zao, wa kwanza chini na wa tano juu. Ajenda ilikuwa moja, mipangilio ya kumbukumbu. Mwenyekiti alizungumza kwanza na kwa huzuni. Alisema hadai shukrani. Alisema mtu akimpa jirani yake gari, jirani akalisukuma kwa mkono badala ya kuliendesha, hilo si dharau kwa gari, ni dharau kwa aliyelitoa.

Lifti aliitwa aeleze. Kwa bahati mbaya, alikuwa amejiandaa.

"Ndugu wapangaji," alisema kwa sauti yake ya kutangaza, "chukueni watu wawili wanaopandisha kabati kwenye ngazi hizi. Mmoja anakwenda mbio, mwingine taratibu. Kutatokea nini?"

"Kabati la nani?" aliuliza fundi saa kutoka juu.

"La yeyote, mzee wangu. Ni mfano."

"Haliwezi kuwa la yeyote. Langu lilikwaruzwa kwenye ngazi hizihizi na hakuna aliyekiri."

"Wewe kabati lako lilikuwa na mikwaruzo tangu unahamia," alisema mtu wa ghorofa ya kwanza. "Mimi ndiye niliyeshika upande wa chini."

"Kumbe ni wewe!"

Ilichukua muda mrefu kulitoa kabati kwenye kikao. Lilipotoka, mwalimu wa fizikia wa ghorofa ya pili alisimama na kusema kwamba Lifti yuko sahihi. Pande mbili zikienda sawa mashine itatulia, na kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni uwezo wa kadi, wala si amri. Alisema kwa ufasaha, kwa kifupi, na bila mfano wowote. Akaombwa asilete mambo ya shule.

Ghorofa ya tatu, ya mwenyekiti, ilitaka mia moja sitini na sita. Ghorofa ya nne ilitaka vilevile, na msusi alizungumza juu ya heshima ya zawadi mpaka baadhi ya watu wakaguswa. Ghorofa ya pili na ya tano zilitaka mia moja thelathini na tatu. Ghorofa ya kwanza, ambayo hupata maji alfajiri kabla mashine haijapata joto, ilisema inaheshimu mawazo yote.

"Sisi ni watu wa maridhiano," alisema mwenyekiti. "Nani ana simu yenye kikokotoo?"

Wakajumlisha, wakagawa kwa mbili. Ikatoka mia moja arobaini na tisa na nusu.

"Mashine haijui maridhiano," alisema mwalimu.

"Itajifunza. Sasa hii nusu tunaifanyaje?"

"Tuishushe," alisema fundi saa.

"Tuipandishe," alisema mwenyekiti. "Jengo hili halirudi nyuma, hata kwa nusu. Mia na hamsini. Wanaounga mkono?"

Hapa ndipo Lifti alipokosea, na mwenyewe hakatai. Alikuwa amesoma kitabu kile mara mbili na alijua kwamba ubao wake hauna njia ya kuipa kumbukumbu mia na hamsini peke yake. Lakini wakati anataka kusema hivyo, mwenyekiti aliongeza kwamba kazi hiyo nyeti itatekelezwa na Mtaalamu wa Kamati, akamwonyesha Lifti kwa kiganja wazi, na wapangaji wote wakageuka kumtazama. Hakuwahi kuitwa mtaalamu. Alipojua anafanya nini, mkono wake ulikuwa juu.

Azimio likapita, na nyuma yake likapita lingine kwa haraka zaidi. Maji yasipokuwa yanazunguka ghorofa zote ifikapo mkutano mkuu, au ikionekana mipangilio imekiuka azimio, mtaalamu ataacha kazi na chumba kitarudi kwa kamati. Mwenyekiti alitaja kwa kupita tu kwamba chumba hicho ni kikavu na kingefaa kwa magodoro.

"Umepiga kura ya kutufukuza," alisema mkewe walipoingia ndani.

"Nilichanganyikiwa."

"Hukuchanganyikiwa. Ulitabasamu. Nilikuona."

Kesho yake Lifti alitekeleza azimio mbele ya wajumbe. Ili kumbukumbu ifike mia na hamsini ilibidi mapigo ya njia nzima yapandishwe mpaka mia na hamsini, na prosesa ikaburutwa nayo kwenda mwendo ambao haikuumbiwa. Alihifadhi mipangilio, mashine ikajizima ili ianze upya, na haikuanza. Kioo kilikuwa cheusi. Ndani ya mashine kukatoka mlio mrefu, kimya, na mlio mwingine mrefu.

"Inasemaje?" aliuliza mwenyekiti.

"Inakataa."

"Ipe muda. Haijazoea."

Waliipa muda. Koki zote zilifungwa, na siku hiyo jengo zima lilipata usawa ambao halijawahi kuupata: hakuna ghorofa iliyokuwa na maji. Msusi alishuka na mteja mwenye povu kichwani, akamuuliza Lifti kama hayo ndiyo maridhiano yenyewe au bado yanakuja.

Wajumbe walipotawanyika kwenda kutafuta ndoo, mkewe alikuja kwenye lifti na shuka la kitanda, akalining'iniza kwenye milango ya vyuma, akakaa nje na kazi yake ya kushona. Ndani, Lifti aling'oa kipande kidogo cha plastiki kwenye ubao, akakisogeza hatua moja, akakirudisha. Kitabu kinasema hivyo ndivyo ubao husahaulishwa yote uliyoambiwa. Kisha akawasha, akafungua ukurasa wa bluu, akaweka njia mia moja thelathini na tatu na kumbukumbu mia moja thelathini na tatu. Alipotoka, alitangaza kwamba mashine imezoea.

Sasa chumba kilikuwa salama upande mmoja na hatarini upande wa pili. Maji yalizunguka ghorofa zote kama yalivyotakiwa. Lakini mashine ikizimwa na kuwashwa, mstari mweupe ungepita na kusema ukweli. Kwa hiyo haikuzimwa. Lifti alitafuta betri ya akiba nzito kama jiwe la kusagia, akaifunga chini ya meza. Umeme ukikatika kwa muda mrefu kuliko betri, mkewe aliacha chochote alichokuwa akifanya, akaja na shuka.

"Shemeji, kila umeme ukirudi unafua?" aliuliza jirani mmoja.

"Naanika," alisema. "Kufua nimeshafua."

Mwenyekiti alipopita asubuhi na kusema aione, Lifti alimjibu kwamba kasi kubwa kama ile ikikatizwa huchukua muda kuirudia. Jibu hilo lilimpendeza mwenyekiti kiasi kwamba alianza kulitumia kwenye biashara ya magodoro. Alikuwa na sababu ya kufurahi. Habari za mia na hamsini zilivuka barabara. Kamati za majengo mengine zilikuja kutazama, zikaona mashine inafanya kazi kwa utulivu, zikachukua namba ile na kwenda nayo. Jengo la mtaa wa pili halijafanikiwa kuwasha kompyuta yake tangu siku hiyo. La tatu liliandika barua ya kuomba lifafanuliwe ile milio.

Ukafika mkutano mkuu. Ngazi zilijaa mpaka juu. Maji yalikuwa hayajakosa ghorofa hata moja kwa miezi, na mke wa Lifti alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, shuka mapajani, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kutoamini mambo yakienda vizuri. Taarifa ilisomwa, ikashangiliwa. Lifti alikuwa ameanza kupumua mwenyekiti aliposimama tena.

"Tuna wageni kutoka kamati nyingine," alisema. "Wamekuja kuona kwa macho yao. Mtaalamu, izime uiwashe."

"Mwenyekiti, ni zamu ya ghorofa ya tatu. Yako."

"Nitavumilia."

"Na kile nilichosema juu ya kasi kukatizwa?"

"Ndiyo maana nataka waone inavyorudi."

Lifti alimtazama mkewe. Alikuwa ameshasimama, shuka limeshafika kwenye vyuma.

"Shemeji, ondoa shuka," alisema mwenyekiti.

"Ni bichi."

"Shemeji."

Aliliondoa. Lifti alizima, akahesabu moyoni, akawasha. Watu walisogea mpaka wa nyuma wakawashika wa mbele mabega. Mstari mweupe ukapita. Ulipita upesi, lakini wapangaji walishauona siku ya zawadi na walijua pa kuweka macho. Njia, 133. Kumbukumbu, 133.

Kwa mbali, juu, maji yalisikika yakiingia kwenye ndoo ya mtu.

"Hii ni nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni maji," alisema Lifti.

Mwenyekiti hakupaza sauti. Alisoma azimio la pili lote, polepole, pamoja na sehemu ya chumba kurudi. Alisema hamchukii mtu, ila azimio ni azimio. Mtaalamu airudishe mashine kwenye mia moja sitini na sita ya zawadi, kwa kuwa mia na hamsini imehujumiwa, kisha akabidhi ufunguo. Mmoja wa wageni alikuwa akiandika namba mpya kiganjani.

Lifti alitoa ufunguo mfukoni. Mkewe anasema kwamba wakati huo alikuwa tayari anapanga kichwani ni kitu gani watauza na kipi watapeleka kwa kaka yake. Lifti naye anasema alikuwa na wazo moja tu, la kukabidhi kazi vizuri, kama alivyofundishwa enzi za lifti: usitoke zamu bila kumwambia anayeingia mashine imesimama wapi.

"Nitaiweka mia moja sitini na sita," alisema. "Itaganda mchana, kama ilivyokuwa. Naomba tu kamati inielekeze. Zamu zinaweza kupangwa upya. Mnataka igandie ghorofa ya ngapi?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa.

"Ya nne," alisema msusi papo hapo. "Imezoea ya nne."

"Kwa nini ya nne?" alisema fundi saa. "Sisi wa tano tumekaa bila maji kipindi chote kile. Kama ni kuganda, na igande kwetu kwanza."

"Zawadi ni ya nani?" aliuliza mwenyekiti. "Nauliza tu. Kadi ilitoka ghorofa ya tatu."

"Kwa hiyo ulitununulia kasi ili ikugandie wewe!"

"Nani kasema hivyo?"

"Mwenyewe, sasa hivi!"

Ghorofa ya kwanza, iliyokuwa ikiheshimu mawazo yote tangu mwanzo, ilisimama na kusema kwamba ndiyo iliyo karibu zaidi na kompyuta na hivyo ina haki ya ujirani. Mtu wa kabati akatajwa tena. Msusi alivua kiatu, akakivaa tena, na hakueleza kwa nini. Mwenyekiti alipiga meza, akataka utulivu, kisha naye akaomba nafasi ya kuzungumza kama mpangaji wa kawaida.

Ni mwalimu aliyepata wazo, na safari hii hakuna aliyemtajia shule. Alipendekeza kuganda kuwe kwa zamu. Wiki hii mashine igande ghorofa ya kwanza, wiki ijayo ya pili, hivyo hivyo mpaka ya tano, kisha ianze upya. Kelele zikatulia. Watu walitazamana, wakahesabu vidole, wakaona kuna haki ndani yake.

"Na nani atasimamia hizo zamu?" aliuliza fundi saa. "Maana mimi simwamini mtu yeyote humu."

"Kompyuta," alisema mwalimu.

"Ipi?"

"Inayoganda haiwezi kusimamia. Itabidi iwe isiyoganda."

Lifti alikohoa. Alisema kwamba ipo moja, kwa mipangilio hii iliyopo.

Wazo hilo lilipelekwa kwenye kamati ndogo ya watu watano, mmoja kwa kila ghorofa, ichague ni ghorofa ipi itaanza kugandiwa. Mpaka itakapokubaliana, iliamuliwa, mashine ibaki kama ilivyo kwa muda, na mtunza mashine abaki kama alivyo kwa muda. Mwenyekiti aliomba neno "kwa muda" liandikwe mara mbili.

Kamati ndogo imeshakutana mara nyingi. Wajumbe wake hawasalimiani tena ila kwenye vikao. Hakuna anayekubali kuwa wa pili, na msusi amehudhuria kila kikao akiwa na mto wa kukalia. Wanaolijua jengo hili wanasema hoja hiyo itakuwa hai baada ya wote kuhama.

Mke wa Lifti alifuatilia vikao vitatu vya kwanza akiwa amesimama mlangoni. Baada ya cha tatu alikwenda kumwita seremala, akamwambia anataka kitanda cha futi sita chenye droo chini, kikiunganishwa humohumo chumbani. Seremala alipima mlango, akapima ukuta, akakuna kidevu.

"Mama, nikikijenga humu hakitatoka bila kukatwa msumeno. Mna hakika mnakaa?"

"Tuko hapa kwa muda," alisema, na kumsogezea misumari.